Miaka 29 ya Kungoja Juu ya Kilima cha Rabai

Ndugu msomaji, yamkini na wewe umewahi kuipokea barua ya uhamisho. Mwalimu mzaliwa wa Bukoba huambiwa aende Newala. Muuguzi aliyezoea upepo wa Tanga hupelekwa Sumbawanga. Mizigo hufungwa, kuku huuzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa, watoto hutolewa shuleni kabla muhula haujaisha. Kisha zinakuja zile wiki za kwanza ugenini. Unasalimia, unajibiwa kwa lugha usiyoijua. Watu wanacheka, nawe unadhani wanakucheka wewe. Chakula ni kigeni, maji yana ladha nyingine, na usiku, taa ikishazimwa, mke humwuliza mumewe kwa sauti ya chini: "Hivi tutapaweza hapa?"

Mwenye uhamisho wa serikali ana faraja zake. Mshahara unamfuata, likizo iko, na basi la kurudi kwao lipo. Tena kazi ikimshinda anaweza kuilaumu ofisi iliyomtuma. Lakini mtu anayeamini kwamba aliyemtuma ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, kisha kazi ikamgomea mwaka baada ya mwaka, amlaumu nani?

Swali hilo liliwakabili watu wawili waliokuja katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Majina yao tuliyasoma shuleni. Mwalimu wa historia alituandikia ubaoni: "Krapf na Rebmann, Wazungu wa kwanza kuiona milima yenye theluji," nasi tukanakili, tukajibu mtihani, tukasahau. Kwa bahati mbaya, jambo tulilofundishwa ndilo dogo kuliko yote katika maisha yao. Milima ile wenyeji waliijua tangu zamani, wala haikuwa imepotea. Lililo kubwa ni yale yaliyowapata mioyoni mwao walipoishi miongoni mwa watu ambao hawakuwaita.

KABURI LA PWANI

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, mwana wa mkulima. Alitumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, akaanza kazi Ethiopia mwaka 1837. Baadaye, akiwa Misri, alimwoa Rosina Dietrich, binti kutoka Uswisi, ambaye alikuja Afrika kufuata ndoa na kazi kwa pamoja. Mwaka 1843, wakiwa safarini katika nyika, Rosina alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Walimwita Eneba, yaani "chozi" katika lugha ya Kiamhari. Mtoto hakuishi. Mlango wa Ethiopia ulipofungwa mbele yao, walishuka kwa njia ya bahari mpaka Unguja, wakafika Januari 1844.

Hapa nakuomba, msomaji, uangalie jambo ambalo wengi hulipita. Sayyid Said, mtawala Mwislamu, alimpokea mgeni huyu Mkristo akampa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaagiza wamtendee wema kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Na Krapf alipokaa Mombasa akaanza kujifunza Kiswahili, aliyeketi naye kukitafsiri kitabu cha Mwanzo alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa mji. Kazi hiyo ilianza Juni 1844. Hebu tafakari: kadhi wa Kiislamu na mchungaji wa Kikristo juu ya mkeka mmoja, wakiulizana neno lipi la Kiswahili litafaa kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi. Kila mmoja alikuwa na imani yake, na hakuna aliyeiacha. Kwa maoni yangu, picha hiyo ingestahili kuwekwa katika vitabu vya shule kabla ya picha ya Kilimanjaro.

Mwezi mmoja haukupita vizuri. Homa ikaingia nyumbani. Rosina alikuwa mja mzito tena. Akajifungua binti mwanzoni mwa Julai, na homa ikamshika akiwa bado kitandani mwa uzazi. Krapf naye alikuwa hoi, amelala kando yake, hawezi hata kusimama kumpa maji. Mkewe alipokata roho ilimlazimu ajikokote ili ahakikishe kwamba kweli amekufa. Siku mbili baadaye yule mtoto mchanga akamfuata mama yake. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali wapita njia wangeweza kuliona kaburi.

Akina mama mtakaoyasoma haya mnajua uzito wake kuliko mimi. Mwanamke wa miaka ya ishirini na kitu, watoto wawili amezaa na wawili wamezikwa, na yeye mwenyewe amelala katika udongo ambao miezi sita nyuma hakuwa hata ameuona. Katika vitabu vingi jina lake hutajwa kwa mstari mmoja.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake barua ambayo baadaye ilijulikana sana. Aliwaambia kwamba kaburi lile ni dalili kuwa vita vimeanza, nao wajue kuwa wakati umewadia wa kuiendea Afrika kutoka upande wa mashariki. Watu wa Ulaya waliisoma barua ile wakaona ushujaa. Mimi nikiitazama naona pia mtu aliyezidiwa na uchungu, anayetafuta kwa nguvu zake zote maana ya jambo ambalo likikosa maana litamvunja. Huenda ni yote mawili. Imani ya mtu aliyefiwa haipimwi kirahisi na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

PUNDA MMOJA, WAGONJWA WAWILI

Miaka miwili Krapf alikaa peke yake. Juni 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen. Kabla ya mwezi kwisha naye alikuwa amelazwa na homa. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakaanza safari ya kuhamia Rabai, kilimani nyuma ya Mombasa, ambako wazee walikwisha kuwakubalia mahali pa kukaa. Walikuwa na punda mmoja. Wote wawili walikuwa wagonjwa, basi mmoja akipanda mwingine alikokota miguu, wakabadilishana hivyo hivyo mpaka juu. Krapf mwenyewe alikiri baadaye kwamba ni shida kuona misheni iliyopata kuanzishwa kwa unyonge kama ule.

Na sasa ndipo ilipoanza ile kazi yenyewe, ambayo haina ngoma wala tarumbeta: kuamka kila siku, kwenda shambani kwa watu, kuongea nao, kurudi. Warabai walikuwa na dini yao na utaratibu wao. Walikuwa na kaya katika msitu, mahali patakatifu palipotunzwa na wazee, na madaraja ya umri yaliyompa kila mwanamume nafasi yake. Hawakuwa chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Waliwasikiliza wageni kwa adabu, wakawaomba nguo na mchele, wakaeleza kwamba Mzungu ana desturi yake na Mrabai ana ya kwake, wakaenda zao kwenye tembo la mnazi.

Yaliyoandikwa na wamisionari hao juu ya wenyeji wao wakati huo hayapendezi kuyasoma. Ngoma ni giza, kaya ni giza, mazishi ni ulevi. Damu humchemka Mwafrika ayasomapo, na ni haki yake. Walikuja wakiamini kwamba Injili na mila za kijiji cha Kijerumani ni kitu kimoja, na kila mahali walipokosa kuiona mila yao walidhani wamekosa kumwona Mungu. Huo ndio mtihani mkubwa wa kila anayekwenda kuhubiri katika utamaduni usio wake, na usidhani ni wa Wazungu peke yao. Muulize mwinjilisti wa bara aliyepelekwa visiwani, au hata yule kijana wa mjini aliyerudi kijijini na vyeti vyake.

Lakini maandishi yale yale yana upande wa pili. Jinsi miaka ilivyokwenda, sehemu kubwa ya mashitaka iliwageukia wao wenyewe: uvivu wao wa kuomba, hasira zao, kukata tamaa kwao, na ugomvi kati yao. Kwa maana waligombana. Krapf alikuwa mtu wa kuota ndoto kubwa. Alitaka mlolongo wa vituo kutoka Mombasa mpaka pwani ya Atlantiki, na kila mara alikuwa njiani: Usambara, Ukambani, kusini mpaka karibu na Ruvuma. Rebmann aliona kwamba kufika mahali pengi bila kukaa ni sawa na kutofika. Wamisionari wapya waliletwa. Wengine walikufa kabla hawajaweza kuagiza chai kwa Kiswahili. Nyumba ikawa ndogo, homa nyingi, na kila mmoja akiwa na hakika kwamba Mungu yu upande wake.

MATE YA MACHAME

Rebmann hakuanza akiwa mtu wa kukaa. Mwaka 1848 alifunga safari kwenda Uchagani, akichukua mwavuli mahali pa bunduki. Kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, alimwona mpumbavu. Tarehe 11 Mei akauona mlima ukiwa na weupe kileleni. Alipouliza ni kitu gani akajibiwa "baridi". Habari hiyo ilipochapishwa Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alimdhihaki miaka mingi akisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Dhihaka hiyo ilimwuma, lakini haikumvunja.

Kilichomvunja kilitokea Aprili na Mei 1849. Alikuwa amejiandaa kwa safari ndefu, akipania kuvuka Uchaga mpaka Unyamwezi, amebeba nguo na shanga za kutosha kulipia njia. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimpokea vizuri, kisha kidogo kidogo akazimaliza zile mali zote, leo kwa zawadi, kesho kwa lazima, mpaka mgeni akabaki mikono mitupu. Rebmann akalia mbele za watu. Walipomwuliza sababu, akajibu kwamba halii kwa ajili ya nguo. Analia kwa kuwa mali zile zilitolewa na watu wema wa kwao ili Kitabu cha Mungu kifike kwa Waafrika wote, na sasa safari imekufa.

Kisha ukaja wakati wa kuagana. Kwa desturi ya Uchagani ya siku hizo, mate yalikuwa baraka: mwenyeji humtemea mgeni huku akimwambia aende kwa amani. Fikiria hali ya mtu aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu, anasimama amechoka na mgonjwa, anatemewa mate, naye hana budi kushukuru. Mangi naye, ukiyatazama mambo kwa upande wake, hakuwa mwizi wa barabarani. Kila msafara uliopita katika nchi yake ulilipa hongo, na huyu hakuwa na biashara yoyote inayoeleweka, hanunui pembe, hanunui watumwa, anasema tu kwamba ameleta maneno. Watu wawili walisimama uso kwa uso, kila mmoja akifuata sheria ya kwao kwa uaminifu, na hapakuwa na wa kuwatafsiria.

Rebmann alirudi Rabai akiwa mahututi kwa njaa na ugonjwa. Unyamwezi hakuuona mpaka kufa kwake. Ukiniuliza mimi ni wapi mtu huyu alipogeuka, nitakuonyesha siku ile ya Machame. Tangu hapo aliacha kuipigania nchi ya mbali, akaanza kukaa katika nchi aliyopewa.

KILEMA, MTUMWA NA KIPOFU

Mtu wa kwanza kuwasikiliza kwa dhati pale Rabai hakuwa mzee wa kaya wala tajiri. Alikuwa Mringe, kilema, mtu aliyedharauliwa. Alipenda kukaa na wageni hawa usiku na kuulizana nao habari za maisha baada ya kifo. Krapf alimbatiza karibu na kufa kwake. Hesabu ya kanisa ikarudi kuwa sifuri. Baadaye Abe Gunja akaamini, na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimlazimu arudi Ulaya, ingawa alikuja tena kwa muda mfupi mwaka 1862. Rebmann akabaki. Alikuwa amemwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni Misri. Mtoto wao alifariki angali mchanga. Wamasai walipoishambulia nchi ya Rabai mwaka 1857 walikimbilia Unguja, kisha wakarudi wakaanza upya. Mwaka 1866 Emma naye akafa. Muda wote huo mumewe hakupata hata mara moja kwenda kwao kupumzika.

Alifanya nini basi? Aliandika maneno. Pale Mombasa palikuwa na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann aliketi naye kwa miaka, akiuliza neno moja moja la lugha ya kwao, akiandika, akifuta, akiuliza tena. Mzungu aliyekuja kufundisha akawa mwanafunzi wa mtu ambaye mjini pale alikuwa na bei. Laiti tungalijua Salimini alihisi nini siku ya kwanza mtu alipotaka lugha ya mama yake badala ya nguvu za mabega yake! Rebmann alifanya hivyo pia kwa Kinyika na Kiswahili. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1876. Jicho moja likaanza kufifia, kisha la pili.

Nisije nikaonekana natengeneza mtakatifu, niseme na hili. Ramani ambayo Rebmann na mwenzake Erhardt waliitunga kwa kuwauliza wasafiri wa pwani, ikatolewa mwaka 1855 na 1856, ndiyo iliyowachochea Waingereza kuwatuma Burton na Speke, na nyayo za wapelelezi tunajua zilifuatwa na nyayo za nani. Krapf katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliwaonya wamisionari wasitie tumaini lao katika kutawaliwa kwa Afrika Mashariki na dola ya Ulaya. Maneno mazuri, lakini ramani ilikwisha kuchapishwa. Mtu mwema hana mamlaka juu ya wale watakaopita katika njia aliyofyeka.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja Unguja kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann karibu kipofu kabisa, akiwa na kikundi kidogo cha waumini na rundo la karatasi. Wageni kadhaa waliowahi kumtembelea walimwona kama mtu aliyesahauliwa, na wengine walisema wazi kwamba miaka yake imepotea bure. Naye hakuwa na hesabu ya kuwaonyesha. Nadhani hapo ndipo penye jambo lenyewe, msomaji. Kijana aliyelia Machame alilia kwa sababu kazi ya Mungu imeshindwa. Mzee huyu kazi yake, kwa kipimo chochote cha ofisi, ilikuwa imeshindwa zaidi ya mara ile, lakini kila asubuhi aliendelea kuketi na watu wake wachache, akiwasomea kwa kumbukumbu yale ambayo macho hayawezi tena kusoma.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo mambo yalibadilika kwa ghafla. CMS ilileta watu wapya na fedha, makazi ya watumwa walioachwa huru yakaanzishwa Freretown karibu na Mombasa, na Rabai ikajaa watu. Hao wapya walikuta lugha iliyokwisha kuandikwa na Wakristo wenyeji waliokwisha kukomaa. Rebmann hakuushuhudia wingi huo. Mwaka 1875 aliondoka Rabai baada ya miaka 29. Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, alisafiri naye mpaka Ulaya ili awe macho yake.

Aliyempokea Ujerumani ni Krapf, naye mzee sasa, anaishi Korntal. Wale wawili waliogombana juu ya ramani na vituo walikuwa majirani tena, kama walivyokuwa kilimani. Krapf alimtafutia makao na mtu wa kumtunza. Haikuchukua muda, Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akayachukua yale maandishi aliyoyaacha, maneno ya Salimini yakiwemo, akakaa mezani kuyapanga, na kamusi ya Kinyasa ikachapishwa mwaka 1877. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1881. Walimkuta chumbani asubuhi, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.